Gharama za Gari la Dizeli na Gari la Petroli

Ukisimama kando ya Barabara ya Kilwa huko Temeke, au Barabara ya Bagamoyo huko Kinondoni, utaona magari ya namna nyingi yakipita. Malori ya mizigo na daladala kubwa hutumia dizeli. Pikipiki, bajaji na magari mengi madogo hutumia petroli. Kwa nini watu hawakuchagua mafuta ya aina moja tu? Katika somo hili tutatafuta jibu kwa jaribio na kwa hesabu.

Mafuta haya huletwa nchini kwa meli, na hushushwa Kurasini na Kigamboni. Kila lita hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kuchagua injini inayofaa ni faida kwa mwenye gari na kwa taifa pia.

JARIBIO: HEWA INAPOSHINDILIWA

Vifaa: pampu ya baiskeli.

1. Gusa sehemu ya chini ya pampu. Je, ni ya baridi au ya moto?
2. Ziba tundu la pampu kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara ishirini.
3. Gusa tena sehemu ile ile.

Umeona nini? Pampu imepata joto. Hewa inaposhindiliwa katika nafasi ndogo, joto lake huongezeka. Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo linaloiendesha injini ya dizeli.

INJINI MBILI

Mwaka 1876 Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini ya hatua nne: kuvuta, kushindilia, kuwaka na kutoa moshi. Injini za petroli za leo hufuata hatua hizo. Katika injini ya kawaida ya petroli, hewa iliyochanganyika na petroli hushindiliwa na pistoni mpaka ibaki karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi yake ya kwanza. Kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa.

Mwaka 1897 Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, alifanikiwa kuendesha injini isiyohitaji cheche. Jina la dizeli limetokana na jina lake. Katika injini hii hewa peke yake huingia katika silinda. Hushindiliwa zaidi, mpaka karibu sehemu moja ya kumi na nane, na joto lake hupita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe.

Kushindilia huko kwa nguvu huifanya injini igeuze sehemu kubwa zaidi ya joto kuwa kazi. Tena, lita moja ya dizeli ina nishati kuliko lita moja ya petroli kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana gari la dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja.

Lakini kila faida ina gharama yake. Injini inayostahimili msukumo mkubwa lazima iwe nzito na imara. Pampu na nozeli zake hutengenezwa kwa ustadi mkubwa, na zikiharibika ni ghali kuzitengeneza.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Tuseme lita moja ya petroli au ya dizeli ni shilingi 3,000. Gari la petroli huenda kilometa 10 kwa lita, na la dizeli kilometa 12.

Mafuta ya kilometa moja:
Petroli: 3,000 ÷ 10 = shilingi 300
Dizeli: 3,000 ÷ 12 = shilingi 250

Dizeli huokoa shilingi 50 kwa kila kilometa. Tuseme pia kwamba matengenezo ya mwaka ni shilingi 400,000 kwa gari la petroli, na shilingi 800,000 kwa gari la dizeli. Tofauti ni shilingi 400,000.

Mwenye daladala wa Mbagala husafiri kilometa 40,000 kwa mwaka. Akitumia dizeli, huokoa 50 × 40,000 = shilingi 2,000,000 za mafuta. Ukitoa 400,000 za matengenezo, hubakiwa na faida ya shilingi 1,600,000.

Mwalimu wa Tegeta husafiri kilometa 5,000 tu kwa mwaka. Dizeli ingemwokolea shilingi 250,000 za mafuta, lakini angeongeza shilingi 400,000 za matengenezo. Angepata hasara ya shilingi 150,000.

Magari yote mawili hulingana kwa kilometa 400,000 ÷ 50 = 8,000. Basi anayesafiri sana hufaidika na dizeli, na anayesafiri kidogo hufaidika na petroli.

Bei za kweli hubadilika. Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta. Hivyo hesabu hii hupaswa kurudiwa kila mara.

TAHADHARI

Dizeli hulainisha pampu inapopita ndani yake. Ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, ulaini hupungua na pampu husagika. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uovu huo.

Moshi wa injini zote mbili ni sumu. Usikae katika banda lililofungwa ambamo injini inaunguruma.

MASWALI

1. Ni kitu gani huwasha mafuta katika injini ya petroli? Na katika injini ya dizeli?
2. Kwa nini injini ya dizeli hutengenezwa kwa vyuma vizito?
3. Teksi husafiri kilometa 12,000 kwa mwaka. Kwa kutumia mfano wetu, ni mafuta gani yatamfaa mwenyewe?
4. Bei ya dizeli ikipanda hadi shilingi 3,300 na ya petroli isibadilike, je, jibu lako la swali la 3 litabaki lile lile? Onyesha njia.
5. Muulize dereva au fundi wa mtaani kwenu gari lake huenda kilometa ngapi kwa lita. Piga hesabu ya gharama ya kilometa moja, uiandike katika daftari lako.