Uambishaji wa Nafsi na Njeo katika Kitenzi cha Kiswahili na Kikuria: Mfano kutoka Isebania

Ikisiri

Makala hii inalinganisha namna Kiswahili na Kikuria zinavyoambisha kitenzi cha kawaida ili kuonyesha nafsi na njeo. Hoja yake ni kwamba lugha hizi mbili zina kiunzi kimoja, ila njeo inadhihirishwa kwa njia tofauti. Kiswahili huitegemea mofu, ilhali Kikuria huitegemea mofu pamoja na toni. Tofauti hii inamhusu kila mwalimu wa Kiswahili anayefundisha katika eneo la Wakuria.

1.0 Utangulizi

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya upili karibu na Isebania, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliandika katika insha yake: "Mwaka ujao tulijenga nyumba mpya." Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni "Njeo!", nikachukua daftari jingine. Baada ya kipindi alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, hapa njeo ina nini?" Nilimjibu kuwa ni kosa. Hakuuliza tena, nami nilijua kwamba sikuwa nimemjibu.

Isebania ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori, unaotazamana na Sirari upande wa Tanzania. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka, na mtoto wa hapo aghalabu hufika shuleni akiwa na Kikuria nyumbani na Kiswahili sokoni. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kikuria ni E.43 na Kiswahili ni G.42. Zote ni lugha za Kibantu, lakini ujamaa huo husaidia mahali pamoja na kupotosha mahali pengine.

2.0 Viambishi vya Nafsi

Katika lugha zote mbili kiambishi cha nafsi hutangulia kiambishi cha njeo, kisha hufuata mzizi na kiishio. Tazama ulinganifu huu:

Nafsi ya kwanza: Kiswahili ni-, tu-, Kikuria n-, to-.
Nafsi ya pili: Kiswahili u-, m-, Kikuria o-, mo-.
Nafsi ya tatu: Kiswahili a-, wa-, Kikuria a-, ba-.

Tunaona kwamba /u/ ya Kiswahili katika tu- na u- inalingana na /o/ ya Kikuria. Hili si jambo la kubahatisha. Kikuria kina irabu saba, ilhali Kiswahili kimebaki na tano. Kwa hiyo, tofauti zilizokuwapo katika mame-Bantu zimehifadhiwa na Kikuria na kupotea katika Kiswahili.

Hali kama hii inapatikana pia katika lugha zisizo za Kibantu. Kihispania na Kireno, lugha mbili zilizotokana na Kilatini, huonyesha nafsi mwishoni mwa kitenzi. "Tunazungumza" ni hablamos kwa Kihispania na falamos kwa Kireno. Mizizi inatofautiana, lakini kiishio ni kimoja. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha hizo hulazimika kujua kama kitenzi ni cha kundi la -ar, -er au -ir. Kiswahili na Kikuria hazina makundi ya namna hiyo: tu- na to- hazibadiliki kwa kuwa mzizi umebadilika kundi.

3.0 Viambishi vya Njeo

Hapa ndipo ujamaa unapoanza kupotosha. Kwa Kiswahili, tu-li- ni wakati uliopita na tu-ta- ni wakati ujao. Kwa Kikuria, "tutamtuliza" huanza kwa n-to-re-. Sauti n- ya mwanzo si nafsi ya kwanza umoja. Ni kiambishi kinachotangulia nafsi katika kauli yakinishi. Nafsi ni to-, na njeo ni -re-.

Sasa tulinganishe -li- na -re-. Sauti /r/ ya Kikuria mara nyingi hukaa mahali pa /l/ ya Kiswahili, na irabu hizo mbili ziko jirani. Kwa sikio la mzawa wa Kikuria, tu-li- na to-re- ni mofu zinazofanana sana. Lakini moja inarudi jana na nyingine inakwenda kesho. Sidai kwamba hii ndiyo sababu pekee ya sentensi ya mwanafunzi wangu. Huenda ni mojawapo. Ninalodai ni kwamba mwalimu asiyeijua hawezi hata kuishuku.

4.0 Toni kama Alama ya Njeo

Kiswahili sanifu hakina toni. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, iwe ni tulipika, tunapika au tutapika. Kikuria ni tofauti. Leonard Chacha Mwita, katika tasnifu yake ya mwaka 2008 kuhusu toni ya kitenzi cha Kikuria, pamoja na watafiti waliomfuata, wameonyesha kwamba mizizi ya vitenzi haitofautiani kwa toni. Njeo na hali ndizo zinazoamua toni ya juu ianzie mora ya ngapi ya shina, kisha toni hiyo husambaa hadi silabi ya pili kutoka mwisho. Tuchukue shina -hootootera, lenye maana ya kutuliza au kuondolea wasiwasi:

Tumetuliza: mora ya kwanza, -hóótóótéra.
Tumekuwa tukituliza: mora ya pili, -hoótóótééye.
Tutatuliza: mora ya tatu, -hootóótéra.
Tu karibu kutuliza: mora ya nne, -hootoótéra.

Kitenzi kikiwa kifupi, hesabu hiyo haikomi. Inaweza kuvuka na kuingia katika nomino inayofuata. Ni kanuni inayotabirika, wala si "uimbaji" kama wasemavyo wasioijua. Kihispania nacho kina hablo, "ninazungumza", na habló, "alizungumza", ambapo mkazo umebeba njeo na nafsi. Kireno kina falara, "alikuwa amezungumza", na falará, "atazungumza". Tofauti ni kwamba Kihispania na Kireno huandika alama hiyo, ilhali maandishi ya kawaida ya Kikuria kwa sehemu kubwa huiacha.

5.0 Umuhimu kwa Ufundishaji

Kutokana na hayo, mzawa wa Kikuria anapojifunza Kiswahili huhitaji kuhamisha mzigo. Kazi ambayo nyumbani hufanywa na mofu na toni, darasani hubebwa na silabi moja tu: -li-, -na-, -me- au -ta-. Silabi hiyo ikikosewa, hakuna toni ya kuokoa maana. Hivyo basi, ni vyema mwalimu aandike ubaoni tu-li- na to-re- bega kwa bega, awaombe wanafunzi wenyewe waeleze kila moja inaelekea wapi, kisha ndipo aingie katika mazoezi. Asiyejua Kikuria anaweza kujifunza kutoka kwa darasa lake. Hilo halimpunguzii heshima.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Kiswahili na Kikuria zinakutana katika nafsi na kuachana katika njeo. Sentensi ya "Mwaka ujao tulijenga" inabaki kuwa kosa, na alama ningeiondoa hata leo. Lakini pembeni nisingeandika "Njeo!" peke yake. Ningeandika: "-li- ya Kiswahili si -re- ya nyumbani. Andika -ta-." Mwanafunzi yule aliuliza swali la isimu, na alistahili jibu la isimu.