Bustani ya Shule Isiyokufa Likizoni

Sisi tunaokwenda kusomesha Dini katika shule za msingi za Arua na Koboko tunawajua watoto wanaokaa darasani na njaa. Ada iliondolewa mwaka 1997, lakini Sheria ya Elimu ya 2008 iliacha chakula mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo bustani ya shule si pambo.

Tatizo ni kalenda. Mvua zetu huanza karibu mwezi wa nne na kukatika mwezi wa kumi na moja. Likizo kubwa huja wakati wa jua kali, mbuzi wakizurura ovyo. Watoto wakirudi mwezi wa pili wanaanza upya.

Mimi, kama mwanafunzi wa fiqhi, naona jibu katika wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Akaelekezwa aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Msimamizi wake akaruhusiwa kula humo kwa wema. Tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, asili ibaki. Miche bora ya kunde na mchicha isivunwe yote. Iachwe ikomae kwa mbegu. Udongo urudishiwe samadi, na ua uwe wa miti hai.

Pili, awepo msimamizi. Jirani wa shule amwagilie likizoni, naye ale mboga kwa kiasi, kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwalimu mkuu. Penye msikiti, maji ya udhu yachimbiwe mfereji hadi kwenye mipapai na milonge. Maji hayo ni safi, mti hauyakatai.

Tatu, haki imfikie mwenyewe. Mtoto analima, kisha mboga zinaishia mezani kwa wakubwa: hiyo ni dhulma. Na tusiwape jembe kama adhabu, tutawafundisha kuichukia ardhi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Muislamu huandikwa sadaka. Basi muhula huu, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, tuandike jina la atakayemwagilia mwezi wa kwanza. Jina likikosekana, tumtafute kwanza, ndipo tupande.