Kibao kizima king'olewe kwa nini?

Nianze na swali. Jiji likipungukiwa fedha, vibao vya majina ya mitaa vinavyosomeka vizuri vina kosa gani hata ving'olewe?

Swali hili liliulizwa New York mwaka 2010, uchumi wa Marekani ukiwa bado umeyumba. Kanuni za barabara za serikali kuu zilitaka majina ya mitaa yasiandikwe tena kwa herufi kubwa tupu. Jiji lilikuwa na vibao 250,900. Kila kimoja dola 110, jumla dola milioni 27.6, na mwisho wa kazi ni 2018.

Sisemi kwamba wataalamu walikosea. Neno la herufi kubwa tupu ni kama boksi, halina vilima wala mabonde. Kwa dereva mzee, tena usiku, hilo si jambo dogo. Ninachokipinga ni ile tarehe. Kibao kilichochakaa kitabadilishwa tu, kwa nini kizima kikifuate? New York yenyewe ilikuwa ikibadili takriban vibao 8,000 kila mwaka kwa sababu ya uchakavu. Piga hesabu: miaka thelathini na ushee, vyote vingekuwa vipya bila bajeti ya pekee.

Watu walihoji, na wakasikilizwa. Mwaka 2011 Waziri wa Usafirishaji, Ray LaHood, alitangaza mpango wa kuondoa tarehe kama hizo, na 2012 ukapitishwa. Kanuni ya herufi ilibaki palepale. Kilichoondoka ni haraka.