Tela la Wazi na Dereva Mpya: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukubali Kazi

Tela la wazi, ambalo madereva wengi huliita flati, ni sakafu ndefu ya chuma au mbao iliyokaa juu ya ekseli, bila kuta wala paa. Katika tela la bodi, mzigo ukisogea hukutana na ukuta. Kwenye flati hukutana na barabara. Kinachouzuia ni mikanda, minyororo na kufuli ambazo dereva amezifunga au amezikagua mwenyewe. Leseni ya daraja E inathibitisha kwamba mtu anaweza kuendesha gari kubwa la mizigo. Haithibitishi kwamba anajua kufunga tani 28 za shaba, na kwenye flati kufunga mzigo ni nusu ya kazi.

Mizigo yenyewe

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 900, ndiyo shule kubwa ya flati nchini Tanzania. Kutoka bandarini hupanda makontena, nondo, mitambo, na koili za chuma za kutengenezea mabati. Kutoka Zambia na Katanga hushuka shaba. Katikati, Mufindi na Mafinga hutoa mbao na nguzo za umeme. Mizigo hii hailingani kwa ugumu, na dereva mpya asiipime kwa uzito peke yake.

Kontena ni mzigo rahisi wa kuanzia, kwa kuwa hushikwa na kufuli za kona nne ambazo zimefungwa au hazijafungwa. Hakuna ya katikati. Kufuli moja iliyosahaulika inatosha kuliangusha kontena kwenye kona. Ugumu mwingine ni kwamba dereva haoni kilichomo: bidhaa zikipangwa upande mmoja, tela huinama, na dereva makini huligundua jambo hilo kabla hajatoka getini.

Nondo ni jambo jingine kabisa. Vifungu vyake huteleza kimoja juu ya kingine, na gari likifunga breki ghafla, vyuma vinaweza kutoboa kabini kutoka nyuma. Koili nayo ni mviringo, na moja tu inaweza kuwa na uzito wa tani nyingi. Dereva mpya hafai kupewa nondo wala koili bila mwenzake mzoefu kuwapo wakati wa kupakia.

Katodi, yaani mabamba ya shaba, hudanganya macho. Kifungu kimoja huwa na tani mbili au zaidi, kwa hiyo mzigo mzima huonekana mdogo juu ya sakafu ya tela. Vifungu vikirundikwa mahali pamoja, ekseli moja huelemewa ilhali nyingine haina kitu, hata kama jumla ya uzito ni halali. Shaba huvuta pia wezi, na suala la dereva atalala wapi na gari likiwa limepakiwa ni sehemu ya kazi.

Nguvu inayousukuma mzigo

Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na Marekani huchukulia kwamba breki za ghafla zinaweza kuusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake, na kona kuusukuma pembeni kwa asilimia 50. Mzigo wa tani 28 basi hujaribu kwenda mbele kwa nguvu ya zaidi ya tani 22. Gari la shaba linaloshuka mlima Kitonga kuelekea Morogoro hukutana na mambo yote mawili: mteremko unaodai breki na kona zinazovuta pembeni.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Lebo ya mkanda wa racheti wa milimita 50 mara nyingi husoma 5,000 au 2,500, na mwenye mkanda huamini kwamba kila mkanda unaukandamiza mzigo kwa tani tano au mbili na nusu. Sivyo. Namba hiyo ni kiwango cha mvutano ambao mkanda unastahimili. Mkono wa mtu anayekaza racheti ya kawaida huzalisha mkazo wa kilo mia chache tu, na mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hufanya kazi kwa kuukandamiza ili msuguano uushike. Sakafu yenye mafuta, vumbi au maji huondoa msuguano huo. Ndiyo maana mkeka wa mpira chini ya chuma, au gogo lililokazwa vizuri mbele ya mzigo, huweza kusaidia zaidi kuliko kuongeza mkanda mwingine. Minyororo ndiyo inayofaa kwa mitambo na chuma chenye ncha, kwa kuwa ncha hukata mkanda. Mkanda uliochanika ukingoni hutupwa, haufungwi fundo.

Mikanda hulegea gari likishaanza kutikisika, hasa mzigo unapojipanga upya. Kanuni za Marekani humtaka dereva kuukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kama kilometa 80, kisha kila baada ya maili 150 au saa tatu. Utaratibu wa namna hiyo unafaa kokote, na mtu asiyependa kusimama na kushuka njiani ataona flati ni adhabu.

Mwili na hali ya hewa

Turubai la tela zima ni zito, na likilowa huwa zito zaidi. Hulazimika kupandishwa juu ya mzigo, kutandazwa na kufungwa, mara nyingine usiku, kwenye upepo wa Makambako au mvua za masika. Hatari kubwa hapa ni kuanguka: mtu aliyesimama juu ya mzigo huwa mita tatu au nne kutoka ardhini. Mwenye maumivu ya mgongo au kizunguzungu aseme mapema. Kuwapo kwa tandiboi, yaani msaidizi wa dereva, hupunguza kazi ya mikono, lakini hakumwondolei dereva wajibu wa kukagua kila fundo.

Mizani

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na ukomo wake kwa kila kundi la ekseli. Mizani za Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba hupima yote mawili. Dereva wa flati hana budi kujua kupanga mzigo tangu sehemu ya kupakia, maana vifungu vya shaba havisogezwi kwa mikono barabarani. Mkataba utamke wazi nani analipa tozo ikitokea uzito umezidi, na kama dereva ana haki ya kukataa mzigo uliopakiwa vibaya. Mwajiri asiyempa dereva haki hiyo hafai kwa mtu anayeanza.

Kuamua

Swali zito kuliko yote ni nani atakuwa ndani ya kabini katika safari za mwanzo. Kampuni inayompandisha dereva mpya pamoja na mzoefu, ikamwanzisha na makontena, kisha mbao, na baadaye nondo na shaba, inafundisha. Kampuni inayomkabidhi ufunguo na mzigo wa koili siku ya kwanza inacheza na maisha ya watu, hata kama posho yake ya safari ni nono. Kabla ya kukubali, dereva aombe kuona mikanda na minyororo yenyewe: idadi yake, lebo zake, na hali ya kufuli za kona. Vifaa vilivyochakaa huonyesha jinsi mwenye gari anavyoyathamini maisha ya dereva.

Flati humfaa mtu mwenye subira ya kufungua na kufunga upya kazi aliyokwisha kuimaliza kwa kuwa haijamridhisha. Anayependa kuendesha tu, afike na aondoke, atapata nafasi yake kwenye tela la bodi, kwa leseni ileile ya daraja E.