“Neno limehifadhiwa”: ujumbe wa mara moja kati ya seva na mtumiaji

Nilipokuwa natayarisha majedwali ya kazi yangu ya kumaliza masomo, neno sombe lilitokea mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kazi inahusu majina ya vyakula yanayotumiwa na wauzaji wa sokoni hapa Lubumbashi, na wenzangu wanne walinisaidia kuyaingiza kwenye tovuti ndogo tuliyoiunda wenyewe kwa Flask. Nilikuwa nimekwisha kuandika aya nzima kueleza kwa nini sombe imeipita lengalenga kwa mbali. Kisha nikafungua orodha yenyewe: muuzaji mmoja, mwandishi mmoja, saa ileile, sombe, sombe, sombe. Aya ile niliifuta.

Hakuna aliyedanganya. Mwenzetu alibonyeza kitufe, mtandao ukawa mzito kama kawaida yake ya jioni, ukurasa ukarudi na fomu tupu. Akadhani neno halikuingia, akaliandika tena. Tovuti haikumwambia kitu. Makala haya yanahusu kile kisentensi ilichopaswa kumwambia, na kwa nini ni kigumu kukisema kuliko kinavyoonekana. Nawaandikia wanaisimu, lakini tutapita kwanza katika aya chache za ufundi.

Mtu anapotuma fomu, kivinjari hupeleka kwa seva ombi la aina ya POST, yaani ombi linalobadilisha kitu. Seva ikijibu ombi hilo moja kwa moja kwa ukurasa, kuna hatari: mtu akipakia upya ukurasa huo, kivinjari hutaka kutuma fomu ileile mara ya pili. Huuliza kwanza, ni kweli, lakini wengi wetu hukubali bila kusoma swali. Kwa hiyo desturi nzuri ni seva kuandika neno kwenye hifadhidata, halafu kujibu kwa msimbo 303 pamoja na anwani nyingine. Kivinjari huenda chenyewe kwenye anwani hiyo kwa ombi la aina ya GET, ambalo ni la kusoma tu. Hapo hata ukipakia upya mara kumi, hakuna kinachoandikwa. (Wapo wanaotumia msimbo 302. Vivinjari vingi huufanyia vivyo hivyo, lakini 303 ndio uliotungwa kusema jambo hili waziwazi.)

Dawa hii huleta ugonjwa wake. Ombi linalojua kwamba neno limeingia limekwisha. Ombi linalotengeneza ukurasa halijui lolote. Katika HTTP kila ombi husimama peke yake, bila kumbukumbu ya lililotangulia. Basi nani atasema “limehifadhiwa”? Aliyeshuhudia amekwenda, na aliyepo hakushuhudia. Ni kama kumwachia mlinzi wa mlangoni karatasi: utakapopita atakupa, na baada ya kukupa hana tena.

Swali la kwanza ni mahali pa kuiweka karatasi hiyo. Sisi tulianza vibaya, kwa kuiandika ndani ya anwani ya ukurasa. Ujumbe ulionekana, lakini ulionekana tena kila ukurasa ulipopakiwa upya, na mwenzetu mmoja alipotuma anwani ile kwa WhatsApp, aliyeifungua aliambiwa neno lake limehifadhiwa ilhali hakuwa ameandika neno lolote. Zaidi ya hayo, yeyote anaweza kutunga anwani yenye ujumbe wake mwenyewe, na tovuti ikausema kwa sauti yake. Ukurasa usipochuja maandishi hayo, anaweza hata kupenyeza programu ndani yake.

Mahali pa pili ni kuki, kile kijisehemu cha maandishi ambacho kivinjari hukitunza na kukirudisha kwa seva kila ombi. Flask kwa kawaida huweka kikao chake chote humo, kikiwa kimetiwa sahihi: mtumiaji anaweza kukisoma, hawezi kukibadilisha bila kugunduliwa. Lakini kuki ina nafasi ya takriban baiti 4096 tu, na ikizidi, kivinjari huiacha kimya. Mahali pa tatu ni kikao kinachotunzwa kwenye seva, kuki ikibeba nambari ya utambulisho tu. Django huanza na kuki, na ujumbe usipotosha humo huuhamishia kwenye kikao.

Swali la pili ndilo lililonivutia: ujumbe ufutwe lini? Ruby on Rails huupa maisha ya ombi moja linalofuata, kisha huutupa, umesomwa au haukusomwa. Mtu akielekezwa mara mbili mfululizo, ujumbe hupotea njiani, isipokuwa mwandishi wa programu ameagiza ushikiliwe. Flask na Django huungoja mpaka usomwe. Hapo kosa huwa la upande wa pili, nasi tulilifanya. Ukurasa wetu wa orodha haukuwa na sehemu ya kuonyesha ujumbe. Mwenzetu aliingiza maneno matatu, akafuta moja, akaenda kunywa chai, na aliporudi kwenye ukurasa wa mwanzo alipokewa na “Neno limehifadhiwa” mara tatu kwa mkupuo. Moja ya maneno hayo halikuwepo tena.

Tuangalie sasa kile kiambishi -me-. Hutuambia tendo limetimia na matokeo yake yapo wakati wa kusema. “Mgeni amefika” haisemwi mgeni akiwa amekwisha kuondoka. Hapo tutasema “alifika”. “Neno limehifadhiwa” ni kweli inaposomwa mara tu baada ya tendo. Ikisomwa nusu saa baadaye, neno likiwa limefutwa, sentensi imekuwa ya uongo ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Tungeweza kukimbilia -li-, lakini “neno lilihifadhiwa” humfanya msomaji aulize: lini, na nini kimetokea tangu hapo? Kwa maoni yangu, kanuni ya kufuta baada ya kusoma si pambo la kiufundi. Ndiyo inayoiruhusu -me- kubaki ya kweli.

Kulikuwa na tatizo jingine, la ngeli. Kiolezo chetu cha kwanza kilifuata Kifaransa: nafasi tupu, kisha “imehifadhiwa”. Ikawa “kitenzi imehifadhiwa”, “mfano imehifadhiwa”. Mitaani kwetu hakuna atakayeshtuka, kwa sababu i- imekwisha kubeba karibu vitu vyote visivyo na uhai. Lakini tovuti iliandikwa kwa Kiswahili sanifu, na hapo ni kitenzi kimehifadhiwa, mfano umehifadhiwa, methali imehifadhiwa, maneno matatu yamehifadhiwa. Kwa hiyo tuliacha kuhifadhi sentensi nzima. Tunahifadhi aina ya kitu na idadi yake, na sentensi hutungwa wakati wa kuonyeshwa, kwa upatanisho wake.

Njia fupi zaidi ingekuwa kubadili kauli: “Tumehifadhi kitenzi”, “Tumehifadhi maneno 3”. Kiambishi cha kiima hakibadiliki tena, na kiolezo kimoja kinatosha ngeli zote. Mimi niliipenda. Mwalimu anayeniongoza aliikataa kwa swali moja: hao “sisi” ni akina nani, usiku, seva ikiwa peke yake? Sikuwa na jibu zuri, tukabaki na kauli ya kutendwa.

Niongeze kwamba uelekezaji na ujumbe havikumaliza tatizo la sombe. Mtu akibonyeza kitufe mara mbili kabla seva haijajibu, maombi mawili ya POST yamekwisha kuondoka. Tuliweka ndani ya kila fomu nambari inayokubaliwa mara moja tu. Ya pili ikija, seva huikataa na kuonyesha ujumbe uleule wa kwanza.

Zilibaki rekodi za zamani. Katika utafiti wa msamiati, neno kurudiwa ni ushahidi: wauzaji wawili wakitaja sombe, hizo ni sombe mbili halali, na kuzifuta zote zilizofanana kungeharibu jedwali kwa upande mwingine. Bahati nzuri kila rekodi ilikuwa na saa yake. Niliondoa zile tu zilizoingizwa na mtu yuleyule, kwa muuzaji yuleyule, ndani ya dakika mbili, nikaandika kanuni hiyo chini ya jedwali. Sombe bado imeitangulia lengalenga, lakini kwa kidogo, na aya mpya niliyoiandika ina mistari miwili.