Dondoo muhimu: Kakao ya moto siku ya mvua

Ubundu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko jirani kabisa na ikweta, haina majira ya baridi. Lakini mvua za Oktoba na Novemba zikikulowesha kando ya mto Kongo, utatamani kitu cha moto. Makopo ya dukani yaliyojaa sukari yaache: kakao inalimwa nchini humu, Beni, Mambasa, hata Bengamisa kaskazini mwa Kisangani.

• Kabla ya kununua mbegu, kata moja katikati. Ndani iwe ya kahawia, yenye mipasuko. Ikiwa ya zambarau na imeshikamana kama jiwe, haikuchachushwa vya kutosha; itakaza ulimi. Yenye ukungu usiiguse.

• Kaanga kwa moto mdogo mpaka maganda yaanze kualika. Hapa usiwe na haraka, mbegu iliyoungua haina dawa. Menya, kisha twanga zingali na joto: karibu nusu ya mbegu ni mafuta, kwa hiyo kinuni utapata rojo zito linalong'aa.

• Koroga na maji moto kidogo, ongeza maziwa, chemsha taratibu. Tangawizi ukipenda.

• Sukari mwisho, baada ya kuonja. Kakao nzuri huhitaji kidogo tu.