Riwaya ya giza chini ya chandarua

Shangazi,
Mwanangu anasoma sekondari Jinja. Likizo hii amerudi Mbale na riwaya iitwayo Kintu, na anaisoma hadi usiku wa manane ndani ya chandarua, kwa tochi ya simu. Nilipoifungua nikakuta mtu anauawa na umati Bwaise, kisha laana, mizimu na vifo. Sisi ni walokole. Je, niichome moto?
Mama wa Mbale

Mama mpendwa,
Usiichome. Ni riwaya ya kwanza ya Jennifer Nansubuga Makumbi, mwenzetu wa Uganda. Mswada wake ulishinda shindano la Kwani? mwaka 2013, na kitabu kikatoka Nairobi mwaka 2014.

Giza limo, sikufichi, ila angalia linakotoka. Mwaka 1750 mhusika mkuu, Kintu Kidda, yuko safarini na Kalema, mtoto wa mtu aitwaye Ntwire, ambaye Kidda amemlea kama wake. Kijana ana kiu, anakunywa katika kibuyu cha baba huyo mlezi. Baba anampiga kofi. Kofi moja tu, na mtoto anaanguka, haamki tena. Anazikwa harakaharaka, na Ntwire hapewi ukweli. Kimya hicho ndicho kinachozaa laana inayoandama ukoo wa Kidda hadi mwaka 2004. Mzazi yeyote aliyewahi kuinua mkono kwa hasira atashtuka hapo.

Wewe ni mtu wa Mbale, imbalu, ile tohara ya vijana, unaijua. Watu hawajazani pale kutazama kisu, wanatazama uso wa kijana: atapepesa macho au atasimama imara? Mwanao naye anasoma hivyo hivyo. Laana ni kisu; kinachomkosesha usingizi ni kutaka kujua binadamu atasimamaje mbele yake.

Kwa hiyo isome nawe. Zimo kurasa nzito, za watu kujiua na za aibu za ndani ya familia, na si vyema azibebe peke yake. Utamkuta Kanani, mlokole anayehubiria watu wa nje huku watoto wake pacha wakikua mbali na moyo wake. Kisha jioni, mkila malewa, muulize: “Ungekuwa Kidda, ungemwambia nini Ntwire?” Ukishauliza, nyamaza, umsikilize mpaka mwisho. Ukiona amejitenga na watu au ameacha kula, hapo pana jambo jingine kabisa; mkalishe mzungumze.

Na usiku wa leo mwambie atoke chandaruani, aje asome sebuleni, taa ikiwaka, nawe ukiwa karibu.

Shangazi